Sonona, Mawazo na Kutonogewa: Juu ya Istilahi za Moyo Mzito

Istilahi za ufundi na za kilimo hazimtaabishi sana mfasiri, kwa kuwa kitu kipo mbele ya macho; hata jina likikosea, mkono utalielekeza. Maradhi ya akili si hivyo. Daktari hawezi kuupima moyo mzito kwa mizani, wala kuuona kwa hadubini. Aghalabu huujua kwa maneno ya mgonjwa tu, na maneno hayo huyapata kwa kuuliza swali ambalo mtu mwingine amekwisha kulifasiri. Swali likikosea, mgonjwa haonekani. Kwa sababu hiyo tumeona tuyachambue maneno yanayotumika leo katika vipeperushi, hojaji na magazeti kwa ugonjwa huu, nasi tuyapime mahali pamoja ambapo kosa la neno lina gharama: Rwamgasa, katika machimbo ya dhahabu ya Geita.

Rwamgasa ni kijiji cha wachimbaji wadogo. Mawe hutolewa katika maduara, yakasagwa kwa karasha, yakaoshwa kwenye mialo, kisha mchanga mzito ukachanganywa na zebaki katika karai. (Neno zebaki halikusubiri kamati yoyote; wachimbaji wanalo, na wanakemia wakalikuta likiwa kazini.) Bonge la zebaki na dhahabu hukamuliwa kwa kitambaa, likachomwa motoni; zebaki ikapaa mvuke, dhahabu ikabaki. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, wataalamu waliwapima watu 180 wa hapo na kuwalinganisha na watu 31 wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Ilionekana kwamba ni wachomaji hasa waliokuwa na zebaki iliyopita kiwango cha hatari, na kwamba karibu robo yao walikuwa wamekwisha kudhurika.

Mvuke huo huingia mapafuni, ukapita katika damu hadi kwenye figo na ubongo. Mkono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, mdomoni hukaa ladha ya chuma. Mtu huwa na hasira za haraka, huwakwepa wenzake, hushikwa na huzuni, na mambo aliyoyapenda humtoka. Dalili hizi za mwisho ndizo zile zile ambazo daktari wa akili huzitafuta kwa mtu asiyewahi kuiona zebaki maishani mwake. Basi mtu wa Rwamgasa aweza kuwa na ugonjwa wa akili, au sumu ya zebaki, au vyote viwili. Aweza pia kuwa na umaskini na madeni, ambayo si ugonjwa. Majirani watasema ni mvivu, au amerogwa. Ni wajibu wa lugha ya zahanati kuyapambanua haya, si kuyakoroga.

Tukiyatazama majina yaliyopo, huzuni halifai kuwa istilahi peke yake. Kila aliyefiwa ana huzuni, na asiyekuwa nayo ndiye wa kushangaza. Mfadhaiko lina asili ya fadhaa, nayo ni mtu kuhangaika na kuduwaa kwa jambo la ghafla, hali mgonjwa wetu ametulia mno. Unyogovu limeenea katika tafsiri za siku hizi, lakini sikio la msomaji wa kawaida hulipeleka upande wa unyong'onyevu na ulegevu wa viungo, na hapo hukumu ya uvivu inakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Msongo wa mawazo ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa ni zuri. Linaeleweka na kila mtu, nalo limejengwa vyema kutokana na kitenzi songa. Lakini limekwisha kushika kazi nyingine: hali ya mtu aliyebanwa na shughuli, mitihani, au ada za watoto. Kulitumia pia kwa ugonjwa huu ni kumwambia mgonjwa kwamba shida yake itakwisha siku atakapolipa deni. Mchimbaji ambaye duara lake limetema, madeni yamelipwa, na bado hataki kuamka kitandani, atajiona hana haki ya kuumwa. Vivyo hivyo na msemo wa kila siku, «fulani ana mawazo». Mfasiri anayeupeleka neno kwa neno katika lugha ya kigeni humfanya mgonjwa kuwa mwanafalsafa. Na anayeupuuza kwa kuwa haumo katika orodha ya istilahi huitupa dalili yenyewe. Mwaka 2008 Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya hojaji ya maswali 19 iliyotungwa kwa misemo ya watu wa Dar es Salaam, badala ya kufasiriwa tu kutoka ng'ambo. Twaisifu njia hiyo, ingawa mji si machimbo, na Kiswahili cha Msukuma, Mzinza, Msumbwa na Muha waliokutana mwaloni kina desturi zake.

Sasa sonona, ambalo Tanzania limeshinda mengine yote katika magazeti na katika vinywa vya madaktari. Wako wanaolilaumu kwa sarufi, nasi tulikuwa miongoni mwao. Sonona ni kitenzi, nacho chazaa sononeka, sononesha, na jina sononeko. Hatusemi «ugonjwa wa kohoa», twasema kikohozi. Kwa nini basi kitenzi kitupu kivikwe kilemba cha jina, hali jina lipo? Hata hivyo lugha yetu ina kinga, ambalo ni kitenzi na ni jina pia, na hakuna aliyeteseka kwa ajili hiyo. Neno likikubaliwa na wasemaji, sarufi hulitafutia kiti. Lawama hiyo tumeiacha.

Lawama yetu iliyobaki ni ya maana. Kusonona ni kuumia moyoni. Jina hilo lawafaa wagonjwa wanaolia na kuugua kwa majuto. Lakini upo upande wa pili wa ugonjwa, ambao madaktari huuhesabu kuwa dalili kuu sawa na huzuni: mtu hasikii maumivu, na raha pia haisikii. Ngoma inapigwa, yeye yupo tu. Mtoto wake anamkimbilia, naye anamnyanyua kwa sababu ndivyo inavyopasa. Ukimwuliza mtu huyu kama anasonona, atajibu la, na atakuwa amesema kweli.

Hojaji inayotumika zaidi duniani, yenye maswali 9, iliyotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001, huanza na dalili hiyo hiyo. Swali la kwanza huulizia mambo mawili kwa mkupuo, kutaka jambo na kulifurahia, yakiunganishwa kwa «au». Wafasiri wengi hukimbilia hamu na raha. Tuyapime. Mtu akisema «sina raha», Mswahili hufahamu kwamba ana wasiwasi, kuna jambo linalomkera. Pengine mtoto hajarudi shuleni. Ni habari ya utulivu, si ya ladha ya maisha. Hamu nayo, ikitajwa na mhudumu wa zahanati bila nyongeza, husikika kuwa hamu ya kula, na kwa watu wazima waweza kuzuka uelewa mwingine ambao utamfanya mgonjwa ainamishe macho. Isitoshe, hamu hutangulia jambo. Mtu aweza kuwa na hamu ya kwenda arusini, akafika, asione kitu. Mwingine hana hamu ya kwenda, lakini akishaburutwa hucheza hadi alfajiri. Hao ni wagonjwa wawili tofauti, na neno «au» limewafunga kamba moja.

Neno tunalolipendekeza limo jikoni. Chakula hunoga, mazungumzo hunoga, ngoma hunoga; na mtu aliyeshikwa na utamu wa jambo amenogewa. Kinyume chake ni chapwa, mchuzi usio na chumvi. Kutonogewa, basi, laweza kutumika kwa hali ya mtu ambaye mambo yaliyokuwa yakimpendeza hayampendezi tena ayafanyapo, na kukosa hamu likaachiwa kule kutotaka kuyaanza. Neno halikukopwa wala kutoholewa, halina haja ya maelezo, na halimtukani mgonjwa.

Tulipokwisha kuliandika tukarudi Rwamgasa kwa fikra, na hapo likatuponyoka kidogo. Mchomaji aliyeathirika hana ladha mdomoni ila ya chuma. Akiulizwa, «Je, siku hizi vitu havikunogei?» atasema ndiyo, havininogei, hata ugali, nasi tutaandika kwamba ana ugonjwa wa akili, kumbe ametueleza habari za zebaki. Kosa la kinyume lawezekana vilevile: mgonjwa wa moyo aliyesema chakula kimekuwa chapwa akahesabiwa kuwa na sumu, akaambiwa aache kuchoma, akaacha, na asipone. Hatuoni kuwa hili linatosha kulikataa neno. Latosha kukataa swali moja. Mdomo uulizwe peke yake: «Je, unasikia ladha ya chuma?» Kisha moyo uulizwe kwa vitu visivyoliwa: maongezi ya jioni, mpira, nyimbo, watoto, na ile saa ya kupima dhahabu, ambayo mchimbaji mzima hainuki akaiacha.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na kiambatisho cha mkataba huo kuhusu wachimbaji wadogo kinadai mpango wa taifa wenye mkakati wa afya ya umma, pamoja na kukusanya habari za afya na kuwafunza wahudumu. Mafunzo hayo, yakifika vijijini, yatakuwa kwa Kiswahili. Mwandishi wa kitabu cha mhudumu atahitaji maneno manne yasiyoingiliana: moja la kubanwa na shida, ambalo ni msongo, moja la maumivu ya moyo, nalo ni sonona, moja la kutotaka, na moja la kutofurahia. Mawili ya kwanza tunayo, na tunaomba tu yasipewe kazi moja. Kwa la tatu na la nne tumeleta kukosa hamu na kutonogewa. Walimu na wauguzi wa Kanda ya Ziwa walio na neno bora kuliko letu, hasa lile wanaloambiwa na wagonjwa wenyewe kabla hawajauliza, wanaombwa walilete kwa Baraza pamoja na sentensi waliyolisikia ndani yake.