Mfereji Usioonekana Kutoka Angani

Fungua picha ya setilaiti ya Milima ya Pare ya Kusini. Msitu wa Chome utauona, na kilele cha Shengena chenye zaidi ya mita 2,400. Ukiteremka magharibi utaikuta Makanya kando ya barabara kuu. Mifereji inayonywesha mashamba ya katikati hapo ndiyo itakayokupiga chenga.

Hata ramani za vimo hazisaidii. Vimo vingi vinavyotumika kwenye ramani za kompyuta vilipimwa Februari 2000 kwa rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour. Katika takwimu hizo, kila kipande cha ardhi cha takriban mita 30 kwa 30 kina kimo kimoja. Mfereji ambao mtoto huuruka akienda shule humezwa humo mzimamzima. Ndiyo maana mchora ramani anayeijua kazi yake huvaa buti. Huanzia kwenye banio mtoni, akaufuata mfereji na GPS mkononi. Chini ya migomba na miti mikubwa kifaa huyumba: amesimama palepale, nukta yake imerukia ng'ambo ya korongo. Hakadirii. Husubiri, hupima tena, kisha huweka mstari wake juu ya ramani ya vimo, kwa kuwa maji ya mfereji hayapandi mlima. Mstari ukionekana kupanda, kuna kipimo kilichokosea.

Akifika kwenye ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji, kazi inageuka. Ndiva hujazwa usiku, ikafunguliwa asubuhi kwa wenye zamu. Nukta ya buluu itaonyesha ilipo, lakini haitasema nani atapata maji Jumanne. Fundi mzuri huuliza zamu, akalipaka kila shamba rangi ya siku yake. Ugomvi wa maji na mapatano yake vikaanza kusomeka kwenye karatasi. Miaka ya 2000 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine na taasisi ya UNESCO-IHE ya Delft, waliyafuatilia hivyo maji ya bonde la Makanya, kutoka Vudee hadi Bangalala na tambarare: walipima mito, na wakachunguza pia jinsi vijiji vinavyogawana maji.

Hata buluu ina masharti. Mto unaotiririka mwaka mzima huchorwa kwa mstari kamili. Unaoteremka wakati wa mafuriko tu, kwa mstari wa vipandevipande. Kosea hapo, na mgeni ofisini atadhani Makanya ina mto wa kutegemea.

Mtego mkubwa zaidi ni wastani. Ipake Wilaya ya Same yote rangi moja ya mvua, na utapata rangi isiyokuwa ya kweli milimani wala tambarare: juu kuna ubichi, chini, kuelekea Mkomazi, ni nyika kavu. Hesabu haina kosa, ila msaada wa njaa ukigawanywa kwa rangi hiyo, walio chini ndio watakaopunjwa. Fundi huacha mipaka ya utawala, akafuata mwinuko.

Kinachonivutia katika ufundi huu ni kwamba hauishii kwenye kioo cha kompyuta. Ramani hutandazwa mkutanoni, mbele ya watu wa Vudee, walio juu, na wa Makanya, walio chini, pamoja, penseli zikiwa mezani. Wa juu wakiikubali peke yao, bado haijakamilika. Pande zote mbili zikiweza kubishana juu yake huku zikioneshana mfereji uleule, imefaa.