Nafasi ya Pili Hupima Nini?

Kati ya 1969 na 1970, kundi la Creedence Clearwater Revival la Marekani lilifikisha santuri tano katika nafasi ya pili ya orodha ya jarida la Billboard, wala halikupata ya kwanza hata mara moja. Wapenzi wake wangali wanalalamika. Twaona lalamiko lao halina mashiko. Orodha ile ilihesabu mauzo na kupigwa redioni kwa juma moja, basi. «Green River» ilizuiwa na «Sugar, Sugar» ya The Archies, waimbaji wa katuni wasio na miili (wimbo wenyewe, tuseme kweli, si mbaya). «Bad Moon Rising», iliyokuwa ya pili kwao Marekani, ilikuwa ya kwanza Uingereza mwaka ule ule wa 1969. Maneno hayakubadilika, wala sauti ya John Fogerty. Waliobadilika ni wanunuzi. Hivyo mwanafunzi anayefungua tasnifu yake kwa kutaja nafasi ya wimbo ametupasha habari za soko. Wimbo bado hajausikiliza: ule mdundo mchangamfu unaobeba maneno ya maangamizi, ambao pekee ungestahili kurasa kumi.