Kuunga Safu za Mfarishi

Mfarishi wa viraka hujulikana ubora wake unapotandazwa. Safu zikiungwa vizuri, hulala bapa na pembe za viraka hukutana bila kupishana. Zikiungwa kwa haraka, kingo hufanya mawimbi na katikati huvimba, wala hakuna pasi ya kuficha aibu hiyo. Mbeya na Iringa, miji iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai huwa na baridi inayoingia mifupani, na mabaki ya vitenge yamejaa chini ya meza za mafundi cherehani. Mahitaji yapo, na kitambaa kipo.

Mawimbi huanzia kwenye cherehani. Meno yake huvuta kitambaa cha chini kwenda mbele, huku mguu ukikandamiza cha juu na kukichelewesha. Kwenye mshono mfupi tofauti haionekani. Kwenye safu ya mita mbili, ya juu hubaki na ziada. Fundi asiye na subira huivuta ya chini ili zilingane, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu pamba iliyovutwa hurudi ilikotoka ikifuliwa, na mshono ukajikunyata. Fundi mzoefu hutia pini kila kiungo kinapokutana na mwenzake, kisha huweka chini safu iliyozidi kidogo, meno yaimeze ziada hiyo taratibu.

Kosa jingine huzaliwa mapema zaidi, viraka vinapoungwa kimoja kimoja. Safu ya viraka 12 ina viungo 11. Mshono ukiingia ndani kwa milimita moja tu zaidi ya ilivyokusudiwa, kila kiungo hula milimita mbili, na safu nzima hupungua milimita 22. Hakuna kuvuta kunakoweza kuponya upungufu huo. Ndiyo maana safu hupimwa zote kabla ya kuungana, na iliyopotoka hufumuliwa.

Pasi nayo ina adabu yake. Huwekwa, huinuliwa, huwekwa tena. Ikisukumwa kama ya kunyoosha suruali, huvuta kitambaa mshazari. Mikunjo ya viungo hulazwa upande mmoja katika safu ya kwanza na upande wa pili katika inayofuata, ili vikikutana vishikane bila kufanya nundu. Safu zenyewe huungwa mbili mbili, kisha nne nne, na kila mshono mrefu huanzia upande uliomalizia ule wa awali. Zikishonwa zote kuelekea upande mmoja, mfarishi hupinda.

Khanga kuukuu ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, uliofuliwa na kuanikwa juani miaka mingi, huwa umelegea na kuwa mwepesi. Pindo huweza kubaki limekakamaa. Vipande vya sehemu hizo mbili vikichanganywa kwenye safu moja bila kufikiri, chepesi hunyooka, kizito hugoma, na wimbi huonekana hata kabla ya kufua. Anayeijua khanga huutia mji maji ya wanga kabla ya kuukata, na pindo huliweka liwe fremu ya nje, linaloshika umbo la mfarishi wote. Khanga za pamba tupu, kama zilizotoka Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, zilivumilia kazi hiyo. Vitambaa vingi vya sasa vimechanganywa na nyuzi za plastiki, na pasi yenye moto wa kutosha kwa pamba huvikunja.

Mitumba ilipofurika kuanzia miaka ya 1980, blanketi la bei rahisi liliwafanya wengi waone hawana haja ya kukaa na viraka. Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, bado kinawapa watu wenye ulemavu ajira katika kazi za mikono, ushonaji ukiwemo. Kwingineko mabaki ya vitenge huishia jalalani, na mwanafunzi wa cherehani huhitimu akijua gauni lakini asijue kulinganisha safu mbili. Mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, na wa Iringa wenye wanafunzi wangetenda haki kuwapa mabaki hayo kwanza, kabla ya kuwakabidhi kitenge cha mteja.