Nyuzi 330: jinsi Lady Be Good ilivyoipita kambi yake

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 1943, saa sita na dakika 12, Luteni William Hatton wa jeshi la anga la Marekani aliita kituo cha redio cha Benina, karibu na Benghazi, Libya. Kifaa cha kutafutia mwelekeo ndani ya ndege yake kilikuwa hakifanyi kazi, akaomba apimiwe kutoka chini. Benina wakapima, wakajibu: nyuzi 330. Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Hata hivyo ndege hiyo, B-24D Liberator iliyoitwa Lady Be Good, ilikuja kupatikana jangwani miaka 15 baadaye, kiasi cha kilomita 700 kusini-mashariki mwa kambi yake ya Soluch.

Jibu la kitendawili hiki limo katika antena. Antena ya pete husikia mawimbi ya redio kwa nguvu pale ukingo wake unapoelekea yanakotoka, na huwa kimya pale uso wake unapoyakabili. Mpimaji huizungusha hadi sauti ipotee, kisha husoma nyuzi. Tatizo ni kwamba katika mzunguko mmoja sauti hupotea mara mbili, kwa tofauti ya nyuzi 180. Pete ikiwa peke yake inakuonyesha mstari ambao ndege iko juu yake, lakini haikuambii iko upande upi wa kituo. Ni sawa na kuambiwa duka liko barabara hii, usiambiwe upinde kulia au kushoto. Ili kuondoa utata huo huongezwa antena ya pili iliyosimama wima, au kituo kingine hupima kutoka mbali ili mistari miwili ikatane.

Kutoka Benina, nyuzi 330 huelekea kaskazini-magharibi, juu ya Mediterania, hadi Naples, mji ambao Hatton na wenzake walikuwa wametumwa kuupiga jioni ile. Upande wa pili wa mstari huohuo ni nyuzi 150: jangwa tupu. Ripoti ya jeshi iliyoandikwa baada ya uchunguzi ilisema yaelekea kipimo kilisomwa kutoka mgongoni mwa pete, wakati ndege imekwisha kuipita Benina lakini bado iko juu ya mstari.

Hesabu inaiunga mkono ripoti. Wafanyakazi wa ndege waliruka kwa miavuli saa nane usiku, saa moja na dakika 48 baada ya mazungumzo yale. Liberator ikisafiri kilomita 340 kwa saa, muda huo unatosha kilomita 610 hivi. Ili mabaki yawe pale yalipokutwa, ndege lazima iwe ilikuwa tayari imeingia nchi kavu Hatton alipokuwa akiuliza njia. Tena kuna muda wa safari yenyewe. Walifika karibu na Naples yapata saa mbili usiku, wakashindwa kuona shabaha gizani, wakageuka na kuyatupa mabomu baharini. Kutoka hapo hadi Benghazi ni kama kilomita 1,100, safari ya saa tatu na robo upepo usipobadili mambo. Saa sita na dakika 12 walipaswa kuwa wamefika, au wamepita.

Wapo wanaomlaumu mwongoza njia, Luteni Dp Hays. Mimi sikubali. Hii ilikuwa safari yao ya kwanza vitani, wote tisa. Walikuwa wameondoka katika dhoruba ya mchanga, na ndege nyingi za kundi lao zilirudi njiani. Usiku, bahari isiyo na taa na jangwa lisilo na taa havitofautiani kwa mtu aliye juu. Fataki za ishara zilifyatuliwa kambini, yaelekea hawakuziona. Katika hali hiyo mtu huamini kipimo kinacholingana na anachokitarajia, na nyuzi 330 zililingana kikamilifu. Lawama yangu iko kwenye utaratibu uliokubali mstari mmoja uwe jibu kamili. Rubani angeombwa ageuke pembeni kwa dakika kumi, kisha apimwe tena, namba ingesogea na kuonyesha upande alipo.

Mafuta yalipokaribia kuisha waliruka. Mwavuli wa mlenga mabomu, John Woravka, haukufunguka sawasawa, akafa. Wanane walikutana gizani wakiwa na nusu chupa ya maji. Ndege iliendelea bila mtu, ikatua kwa tumbo kwenye tambarare ya changarawe kilomita 26 hivi kusini kwao, ikiwa na maji, chakula na redio nzima. Hawakujua iko wapi, wala hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba haikusagika.

Wakaelekea kaskazini-magharibi. Kwa walichokijua, uamuzi huo ulikuwa sahihi: waliamini pwani iko karibu. Waliacha viatu, maboya ya kuokolea maisha na vipande vya miavuli vilivyokandamizwa kwa mawe kama mishale, ili watafutaji wafuate. Shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inaeleza mgawo wa kifuniko kimoja cha maji kwa siku, macho yaliyoharibiwa na mchanga, na baridi kali ya usiku. Watano waliishiwa nguvu baada ya kilomita 120 na zaidi, kwenye matuta ya Calanscio. Watatu, Guy Shelley, Harold Ripslinger na Vernon Moore, waliendelea kutafuta msaada. Shajara inakoma tarehe 12 Aprili.

Wakati huo watafutaji walikuwa wakiangalia baharini. Ndege iligunduliwa mwaka 1958 na watafiti wa mafuta kutoka Uingereza, na miili ya wale watano ikapatikana Februari 1960. Shelley na Ripslinger walikutwa Mei mwaka huo, zaidi ya kilomita 30 mbele ya wenzao, umbali ambao wataalamu wa jeshi hawakuamini mtu angeufikia bila maji. Woravka alipatikana Agosti. Moore hajapatikana rasmi hadi leo.