Jina Limo, Mtu Hayumo

Tuanze na matini yenyewe. Nimeiunga kwa fomula zinazoingia kila mara kwenye simu za wakulima wa nyanya, na jina la muuzaji nimeliacha nje kwa kuwa lingeweza kuwa lolote:

"Ndugu ANASTAZIA, habari za asubuhi! Tunakuthamini kama mteja wetu. Sasa unaweza kufurahia mbegu bora za nyanya kwa punguzo kubwa. Tembelea duka letu leo. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Ni sentensi tano. Zisome taratibu umtazame Anastazia anavyopungua. Katika ya kwanza anaitwa kwa jina. Katika ya pili amebaki "ku" ndani ya "tunakuthamini", katika ya tatu "u" ndani ya "unaweza". Kwenye "tembelea" hana hata kiambishi, ni amri tupu. Ukifika kwenye "vigezo na masharti kuzingatiwa" hayupo tena: kitenzi hakina nafsi wala wakati, hakisemi nani azingatie wala lini. Meseji iliyoanza kwa kumwita mtu imeisha kwa kumfuta.

Meseji hizi zinakotoka si siri. Kampuni ya mbegu au duka kubwa la pembejeo lina programu ya kutunza taarifa za wateja. Ndani yake mna jedwali: jina, namba ya simu, kijiji, zao, tarehe ya manunuzi ya mwisho. Mwandishi anatunga kiolezo kimoja, na mahali pa jina anaacha pengo. Akibonyeza, programu inapita mstari kwa mstari ikijaza pengo lile, na wateja elfu tatu wanapata barua elfu tatu, kila moja ikijidai imeandikwa kwa mmoja. Shuleni, hospitalini na kwenye ofisi za miradi barua ya namna hiyo inaingia kwa barua pepe. Kwa mkulima wa Ilula mkoani Iringa inaingia kama meseji ya kawaida, akiwa shambani au kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia akisubiri mnunuzi asimamishe gari kabla halijaanza kuteremka mlima Kitonga. Pengo likikosa cha kujazwa, inatoka "Ndugu ," na mkato umening'inia. Mimi naipenda zaidi hiyo. Angalau haidanganyi.

Jina lenyewe limekuja kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa kwenye jedwali, na kwenye jedwali limeingia kutoka kwenye kitambulisho. Tangu laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, na tarehe ya mwisho ikawekwa Januari 20, 2020, kila Mtanzania mwenye simu amejua kwamba ana jina la kusajiliwa na ana jina la kuitwa. Anastazia, kama ana umri wa kuitwa bibi, hakuna kijana wa dukani Ilula atakayemwita Anastazia usoni. Ni Mama Neema, au mama tu. Jina lile la kitambulisho hulisikia akiitwa dirishani hospitalini, benki, au na mtendaji. Muuzaji anayelitumia kwa nia ya kujikaribisha amejivika bila kujua sauti ya karani. Programu haina safu ya "Mama Neema", na hata ingekuwa nayo, nani angeijaza?

"Ndugu" haliokoi hali. Neno hilo lilikuwa na kazi nzito enzi za TANU, lilipowekwa mbele ya jina la waziri na la mkulima sawasawa. Katika barua za kikazi liliendelea kusimama peke yake: "Ndugu," kisha "YAH:" kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Watu huicheka barua hiyo. Lakini kwa uhakiki wa umbo ina unyoofu wake: haijifanyi inakufahamu. Inakwambia wewe ni mhusika, jambo ni hili, kumbukumbu namba ni hii, na ukitaka kujibu anwani iko juu kulia.

Na hapo ndipo penye kasoro kubwa ya meseji yetu kuliko zote. "Habari za asubuhi!" ni swali, na katika lugha hii swali la salamu lina deni. Uheheni "Kamwene" huenda na kurudi, na apitaye bila kurudisha huulizwa ana nini. Meseji ya kampuni inatoka kwa mtumaji mwenye jina la herufi, jina ambalo mtandao hauliruhusu kuzidi herufi kumi na moja, na jina la namna hiyo halijibiwi. Anakuuliza habari huku ameshaondoka. Tena foleni ya kutuma ikiwa ndefu, hiyo habari ya asubuhi inaingia saa tisa alasiri.

Tunayo fasihi yetu ya zamani ya barua moja kwa watu wengi, tena iliyokomaa: kadi ya mchango wa harusi. Kabla ya programu yoyote, kadi ilichapwa nakala mia tatu na pengo lake lilikuwa mstari wa nukta. "Prof./Dkt./Mhe./Bw./Bi. ................" Kisha: familia ya fulani wa Ilula inayo furaha kukushirikisha katika maandalizi ya ndoa ya kijana wao mpendwa. Kisha mchango wako wa hali na mali, kisha tarehe ya mwisho, kisha mwenyekiti na mhazini na namba zao za simu. Kila mtu anajua ni kiolezo. Hakuna anayeudhika, na nadhani sababu iko kwenye ule mstari wa nukta. Mtu alikaa na kalamu akaamua: huyu ni Bw., huyu aandikwe Baba Tumaini na familia, huyu afutiwe vyeo vyote aitwe Shemeji. Mwandiko unaonesha mkono wa nani uliandika, na mpokeaji hutazama mwandiko kabla ya kutazama tarehe. Uamuzi huo wa kalamu, wa mtu anayejua uhusiano, ndio unaoifanya kadi iwe yako.

Siku hizi kadi huja kwa WhatsApp, jina limeshachomekwa na kompyuta, na kinachofuata ni meseji ya ukumbusho: "Unakumbushwa kutimiza ahadi yako ya Tsh 50,000 kabla ya Jumapili." Tazama umbo lake. Jina laweza lisiwepo, lakini lipo pengo jingine lililojazwa, kiasi cha ahadi. Kamati inakijua, wewe unakijua, jirani yako ana chake. Meseji hiyo hakuna awezaye kuisoma akasema si yake. Nayo pia imetumia kitenzi cha kutendwa, "unakumbushwa", kama ile ya mbegu ilivyosema "kuzingatiwa". Kazi zao zimepishana mno. Kamati imemficha anayekumbusha kwa adabu, maana anayekumbusha ni mjomba, na mjomba kumdai mpwa wake waziwazi ni aibu kwa wote wawili. Namba yake iko chini, ukimpigia atapokea. Muuzaji wa mbegu amejificha ili siku mambo yakiharibika pasiwe na wa kumuuliza.

Sasa meseji ya tatu, maarufu kuliko zote nchini: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." na hapo linafuata jina la mtu usiyemjua. Kila Mtanzania ameipata. Ni wizi, na si utani hata kama tumezoea kuitania. Lakini mhakiki akiiweka kando ya meseji ya mbegu atakiri, kwa shingo upande, kwamba mwizi ameielewa sanaa kuliko idara ya masoko.

Haina salamu. Haina "Ndugu". Haina jina la mpokeaji, maana mwizi halijui na halihitaji. Inaingia katikati ya mazungumzo, kama anavyoandika mtu uliyeachana naye nusu saa iliyopita. Neno "ile" linabeba mzigo wote: linadai kwamba mimi na wewe tunajua ni hela gani, kwamba yapo makubaliano nyuma yetu. Meseji inapelekwa kwa maelfu, na katika maelfu hao yupo ambaye kweli ana hela ya kutuma leo. Ilula msimu wa nyanya wapo wengi. Kuna anayemdai dalali wa Dar es Salaam bei ya matenga ya juzi, kuna anayedaiwa na mwenye fuso, kuna mwenye mtoto wa bweni aliyerudishwa ada. Pengo ambalo mwizi ameliacha wazi halijazwi na programu. Mpokeaji analijaza mwenyewe kwa shughuli zake, na ndiyo maana linamwenea sawasawa.

Kisha tazama kile kipande cha pili. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na wenzake wakafuata, watu wamejifunza kulitazama jina la anayepelekewa. Mwizi anajua jina litakuwa geni, kwa hiyo analitangaza mapema ili lisimshtue msomaji. Katika meseji zote tatu hapa ndipo pekee jina linapofanya kazi ya kweli, na ni jina la mtu mwingine kabisa.

Napita haraka kwenye ufundi, ingawa kuna jambo moja la kuchekesha. Meseji moja hubeba herufi 160, na Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo kinatosha vizuri. Lakini kiolezo kikiandikwa kwenye programu ya kuandikia barua, ile alama ya ng' hujipinda kuwa ya mapambo, na alama hiyo iliyopinda haimo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za simu. Papo hapo meseji nzima inahamishiwa kwenye mpangilio mwingine wenye nafasi 70 tu. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa unalipiwa mmoja unalipiwa mitatu. Wilaya ya Kilolo, ambamo Ilula imo, ina kata iitwayo Ng'ang'ange. Mwandishi wa violezo asiyejua hilo atashangaa kwa nini Kilolo inamla bajeti.

Nirudi kwenye hoja. Programu zile si pumbavu. Zina safu nyingi, na safu yenye thamani mara nyingi iko pale pale tupu au haijaguswa. Chukua duka la pembejeo ambalo msaidizi wake ameandika, mteja alipoondoka mikono mitupu, alichokuwa anataka. Wiki mbili baadaye meseji inaweza kwenda hivi: "Ile dawa ya kantangaze uliyoulizia imefika. Tupigie kwa namba hii tukuwekee." Kantangaze ni yule mdudu wa nyanya aliyeonekana nchini mwaka 2014 na kuwafilisi watu kabla hawajajua wampulizie nini. Sentensi mbili, jina hamna, "ndugu" hamna, na inaweza kwenda kwa watu arobaini kwa mpigo kwa sababu arobaini waliulizia. "Ile" imerudi, safari hii ikisema kweli. "Uliyoulizia" inamrudisha Anastazia kwenye kitenzi kama mtendaji, mtu aliyefungua kinywa akasema haja yake. Na mlangoni kuna namba ya kupiga.

Hata serikali iliwahi kugusa umbo hili bila kujipamba. Mpango wa ruzuku ya mbolea ulipozinduliwa Nane Nane ya Mbeya, Agosti 8, 2022, mkulima aliyesajiliwa alipata namba yake ya kununulia. Namba kavu, lakini ilikuwa na kazi kwa wakala, na mtu hafuti kitu chenye kazi.

Kwa hiyo enyi mnaotunga violezo, iwe Iringa mjini au Dar es Salaam: kama mlichonacho juu ya mtu ni jina tu, liacheni. Andikeni "Kwa wateja wetu wote", semeni bei na siku, wekeni namba inayopokelewa. Kama mna zaidi ya jina, kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na safu zile si mali yenu peke yenu. Nawe msomaji, ukipata "ile hela", usijibu wala usitume. Ipeleke namba ya aliyekutumia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.