Ritifaa ya Achieng'

Jina la Achieng' halijakamilika bila ritifaa yake ya mwisho. Ndiyo inayomwambia msomaji kwamba ng hii ni ile ya ng'ombe, si ya ngege. Kisumu imejaa majina kama hayo. La gavana Anyang' Nyong'o lina ritifaa mbili.

Kompyuta haijui ritifaa, inajua namba. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda ni 146 katika jedwali la Windows-1252. Katika jedwali lingine, UTF-8, ni namba tatu, kila moja baiti moja: 226, 128, 153. Namba bila jedwali lake ni kama kuambiwa "nne" sokoni Kibuye bila kutajiwa gorogoro wala kilo. Mfumo ukizisoma hizo tatu kwa jedwali la Windows-1252, Nyong'o anageuka Nyongâ€™o. Hakuna baiti iliyopotea njiani. Kilichokosekana ni jina la jedwali.

Mwaka 1992 kanuni za barua pepe ziitwazo MIME ziliweka mahali maalumu pa kulitaja jina hilo, na shirika la IANA likatunza daftari la majina yanayokubalika, kila moja na namba yake: US-ASCII ni 3, UTF-8 ni 106. Naistahi sana kazi hii. Ni uungwana wa mwandishi kumwambia msomaji asiyemjua: nisome hivi.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Ken Thompson alibuni UTF-8 jioni moja akiwa na Rob Pike mkahawani New Jersey, akiichora kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Itazame 226 kwa biti: 11100010. Moja tatu za mwanzo zinatangaza kwamba herufi hii ina baiti tatu. Mbili zinazofuata huanza na 10, kwa hiyo hata msomaji aliyedakia maandishi katikati hutambua herufi inayofuata inaanzia wapi. Na baiti zote za jedwali la zamani la ASCII zikabaki vilevile, kwa hiyo maandishi ya zamani ya ASCII hayakuhitaji kuguswa. Sijaona ufundi uliopangwa kwa heshima kubwa kuliko huo.

SMS nayo hubeba baiti inayotaja alfabeti yake. Alfabeti ya kawaida ya GSM inayo ritifaa iliyonyooka, haina iliyopinda. Ritifaa moja iliyopinda hushusha kikomo cha ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa kliniki wenye herufi 150 hukatwa vipande vitatu, na anayetuma hulipia vyote.

Basi, nyinyi mnaotengeneza fomu za shule na zahanati kutoka Kisumu hadi Homa Bay, msimfutie Achieng' ritifaa yake ili mfumo utulie. Kwenye SMS, tumieni iliyonyooka. Kwenye wavuti, tangazeni UTF-8 mapema: kanuni ya HTML inataka tangazo hilo likae ndani ya baiti 1,024 za kwanza za ukurasa.