Mashariki Iko Wapi Humu?

Naomba niseme mapema, ili mwenye kutaka kufunua ukurasa afunue: albamu ya Harmonize, Afro East, siipendi. Najua nasema haya nikiwa wapi. Hapa Makambako, toka stendi mpaka stesheni ya TAZARA, kumwambia mtu kwamba Konde Boy kakosea ni kujitafutia kesi, na ukipanda gari ukaenda Njombe mjini mambo ni yale yale. Nimeshaitwa mwenye wivu. Nimeitwa mzee kabla ya wakati. Mshikaji wangu mmoja akamalizia kabisa: eti mimi sipendi kitu chochote kinachochezeka. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maana muziki wa kucheza naupenda. Nampenda Mbaraka Mwinshehe, nampenda Marijani Rajab, na Remmy Ongala ndiyo usiseme. Remmy na Super Matimila walipoimba “Mambo kwa Soksi”, UKIMWI ulikuwa unamaliza watu na wengi waliogopa hata kuutaja. Redio ya taifa ikaukataa, lakini watu waliucheza, na waliocheza walirudi nyumbani na neno la kufikiri. Kwa hiyo asije mtu kunidanganya kwamba miguu ikifanya kazi kichwa lazima kilale.

Sasa tuje kwa kijana wetu. Mwaka 2019 Harmonize aliondoka WCB, nyumba ya Diamond Platnumz iliyomlea toka 2015, akaanzisha ya kwake, Konde Music Worldwide. Katikati ya Machi 2020 akatoa albamu hii, ya kwanza kwake, yenye nyimbo 18. Mtu aliyetoka kwa mkubwa wake na kujenga kwake anatusubirisha jambo moja tu: atuambie yeye ni nani. Akachagua kujibu kwa jina: Afro East, Afrika ya Mashariki. Jina ni ahadi, ndugu msomaji. Ukiandika “Duka la Dawa” mlangoni, mgonjwa ana haki ya kuingia akiulizia dawa.

Basi nami nikaingia. Nikamkuta Burna Boy, nikamkuta Yemi Alade, nikamkuta Mr Eazi, wote watu wa Nigeria. Nikawakuta Morgan Heritage, wale wa reggae. Lady Jaydee yumo pia, na namshukuru Mungu kwa sauti ile, lakini kwangu hiyo haikutosha kuibeba Mashariki nzima mgongoni. Ngoma nyingi zinapigwa kama zinavyopigwa Lagos, na maneno yanazunguka pale pale: mwili wako, mapenzi yako, nimalize, nimekwisha. Nyimbo za namna hii tatu nne ni starehe. Zikizidi hapo ni foleni.

Wageni wana ubaya gani? Hawana. Remmy mwenyewe alizaliwa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na mpaka leo ukitaka kumjua mlalahoi wa mji ule, muulize yeye. Mgeni akija kula chakula chetu, mwenyeji hana hasara. Ila ukialika wageni halafu ukapika chakula cha kwao, tena wao wanakipika vizuri kuliko wewe, watasifu nini wakirudi?

Kinachonikera zaidi ni kwamba Harmonize alikuwa na chakula. Huyu ni Mmakonde wa Mtwara, na jina Konde Boy kajipa mwenyewe kwa kujivunia. Wamakonde ndio wenye sindimba, ngoma ya kiuno iliyotoka Kusini ikachezwa na vikundi vya taifa mbele ya wageni wa serikali miaka ile ya baada ya uhuru. Yeye mwenyewe mwaka 2019 alitikisa nchi kwa wimbo aliouita “Uno”. Sasa ukitafuta mtu wa kuiambia dunia habari za kiuno, utamwacha Mmakonde uende wapi? Lakini katika nyimbo 18 nilitega sikio niisikie sindimba, walau pigo moja, walau mzaha mmoja wa kwao, sikuisikia. Kiuno kinaambiwa kizunguke, lakini hakikumbuki kilijifunzia wapi.

Na huyu huyu mwaka 2016 aliimba “Matatizo”. Wimbo ule ulikuwa wa mtu aliyezingirwa na shida, na nimeona wanaume wazima wakiusikiliza kimya, chupa mkononi hainyweki. Hakuna aliyeuliza unatoka nchi gani. Ndiyo maana nasema kipaji hakijamkosa. Kipaji anacho, akakiacha nyumbani akaenda sherehe.

Kuna bahati mbaya moja iliyoiumbua albamu hii. Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, mara shule na vyuo vikafungwa, mikusanyiko ikapigwa stop. Albamu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi ikatukuta majumbani tumekaa, simu mkononi na spika za masikioni. Na muziki wa kucheza ukiusikiliza umekaa, ndipo unajua una nini ndani. Mbaraka ukimsikiliza umekaa anakupa hadithi. Afro East, kwangu mimi, ilinipa kelele nzuri.

Wanaoitetea wana hoja moja ya maana, nami sitaipita. Wanasema: ukitaka kuvuka mipaka, lazima lugha iwe nyepesi na pigo liwe la wote. Sawa. Lakini mimi naishi njia panda. Makambako ndipo barabara kuu ya Zambia inapokutana na ile ya Njombe na Songea. Hapa stendi Mbena, Mkinga, Mhehe, Mchaga na dereva wa lori anayekwenda Tunduma wote wanaelewana, na Kiswahili chao si cha kitabuni hata kidogo. Je, ni chepesi? Msikilize mpiga debe akigombea abiria. Msikilize mama wa viazi akikataa bei bila kumtukana mnunuzi. Mmoja analeta “kamwene”, mwingine analeta la kwao, na lugha inanenepa, haikondi. Njia panda haikumlazimisha mtu yeyote kuacha kwao. Hata vinyago vya mpingo vya hao hao Wamakonde vimefika Ulaya na Marekani, wala mchongaji hakuchonga sura ya Mzungu ndipo vinunuliwe.

Naandika haya kwenye gazeti la waandishi chipukizi, wala si la muziki, kwa sababu ugonjwa huu tunao sisi. Hadithi nyingi vijana wanazonipa nizisome zinatokea Masaki. Shujaa anaendesha gari jeusi, binti ana jina la kwenye tamthilia ya nje, wanakula piza na kuambiana maneno ambayo hakuna mtu wa Ramadhani wala Mjimwema pale Njombe aliyewahi kumwambia mwenzake. Nikimwuliza mwandishi, wewe mama yako anafanya nini? Anauza mahindi ya kuchoma barabarani, mabasi yakisimama anakimbia nayo dirishani. Na hilo umeliandika wapi? Ananyamaza. Anaona aibu, eti nani atasoma habari za mahindi?

Nitasoma mimi. Atasoma na yule wa Mombasa, kwa sababu kule nako kuna mama anayekimbilia madirisha ya mabasi, na hajawahi kumwona kwenye kitabu.

Harmonize ataendelea kujaza viwanja, na mimi nitaendelea kulipa nauli. Hilo halibadilishi neno. Umaarufu unatuambia watu wangapi wamesikia, hautuambii wamesikia nini. Siku atakapotuletea sindimba yake, kwa vyombo vya kisasa na kwa ile sauti ya “Matatizo”, nitakuwa wa kwanza kuinuka kwenye kiti, na siwezi hata kucheza. Kwa sasa nimekaa. Mwenye jibu aandike, kurasa zipo.